Tohara ya watoto wetu: maumivu ya usiku wa kwanza yanazuilika



Kila ifikapo likizo ya Juni na ile ya Desemba, katika mitaa ya Mkuyuni jijini Mwanza, kama ilivyo Igogo, Butimba na Mabatini, huonekana wavulana wadogo waliojifunga kanga za mama zao au misuli ya baba zao, wakitembea kwa kutanua miguu taratibu baina ya mawe. Kila awaonaye hujua kilichotokea. Wazee hutabasamu, akina mama huulizana hali, na watoto wenzao huwafuata nyuma kwa udadisi uliochanganyika na woga.

Katika likizo moja ya Juni tulialikwa katika nyumba mojawapo ya huko, juu kidogo ya barabara ielekeayo Nyegezi na Shinyanga. Kijana wa nyumba hiyo, umri wake miaka sita, alikuwa ametahiriwa saa kumi alasiri katika zahanati moja, kwa sindano ya ganzi. Alirejea akicheka. Alikula wali kwa sato, akahesabu noti alizopewa na wajomba zake, akamweleza mdogo wake wa miaka minne kwamba jambo lenyewe halina chochote. Sisi tuliokuwapo tulimshukuru Mwenyezi Mungu na kuona kuwa shughuli imekwisha.

Shughuli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Adhana ya Maghrib ilipokuwa ikisikika, mtoto alianza kunung'unika. Tuliporejea kutoka msikitini alikuwa akilia, na kabla ya Isha alikuwa akipiga mayowe, ameshika kanga kwa mikono yote miwili asiruhusu mtu kumkaribia. Ndani ya nyumba hapakuwa na dawa hata tone. Baba alitoka mbio hadi duka la dawa la barabarani, akarudi na chupa ya panadol ya maji, na mama akampa mwanawe kijiko kimoja cha chai. Mtoto aliendelea kulia. Bibi yake, mwanamke mwenye huruma nyingi lakini wa kizazi chake, alimwambia, "Nyamaza mjukuu wangu, mwanamume halii." Baba wa mtoto akamjibu kwa adabu, "Mama, hata mimi nililia, nawe ulikuwapo." Bibi hakusema neno.

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Mtoto alikataa kwenda haja ndogo hadi alfajiri kwa kuogopa mkojo utakavyochoma, na wazazi wakadhani njia imeziba. Jambo lililotutia huzuni zaidi ni yule mdogo wa miaka minne, ambaye alikaa pembeni macho makavu, akitazama kila kitu.

Ndugu msomaji, usiku wa namna hii hupita katika nyumba nyingi za Waislamu, nao huchukuliwa kuwa ni sehemu ya tohara yenyewe. Sivyo. Tuliwauliza wahudumu wa afya kadhaa baada ya tukio lile, tukasoma tulichoweza kusoma, na tumeona ni wajibu wetu kuyaleta mbele ya wazazi.

Tuanze na kilichompata yule mtoto. Ganzi iliyozoeleka zaidi katika zahanati zetu ni lidokaini, ambayo wengi huiita lignokeni. Dawa hii hufanya kazi haraka, lakini nguvu yake hudumu saa moja hadi mbili hivi. Iko dawa nyingine ya jamii hiyo iitwayo bupivakaini, ambayo huchelewa kuanza lakini hudumu saa nne hadi sita, na pengine zaidi. Baadhi ya wahudumu huzitumia zote mbili ili mtoto apate wepesi wa ile na urefu wa hii. Yeyote aliyetahiriwa kwa lidokaini peke yake saa kumi alasiri, maumivu yake yatamfikia karibu na Maghrib, naye hayatamfikia polepole. Humwagika yote kwa mara moja kwa sababu nyuma ya ganzi hapakuwekwa kitu.

Kitu hicho kilichokosekana ni dawa ya kutuliza maumivu inayotolewa mapema, ganzi ikiwa bado ina nguvu. Parasetamoli ya kumeza huhitaji kiasi cha nusu saa hadi saa nzima kabla ya kufanya kazi. Akipewa mtoto kabla ya kutahiriwa, au mara tu baada ya kazi kwisha, dawa itakuwa imekwishaenea mwilini ganzi itakapoondoka. Akipewa wakati tayari anapiga mayowe, basi dawa inakimbizana na maumivu yaliyokwishatangulia. Aghalabu haiyapati mpaka usiku wa manane.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa ndipo kijiko cha chai kilipotuangusha. Parasetamoli hutolewa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa nne hadi sita, wala isizidi mara nne katika saa 24. Chupa nyingi za maji ya watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5, ingawa ziko zenye nguvu tofauti, kwa hiyo lebo isomwe. Mtoto wa kilo 8 hutoshelezwa na mililita 5. Mtoto wa kilo 16 huhitaji mililita 10. Yule kijana wa miaka sita alikuwa na kilo zipatazo 20, na kijiko kimoja kilimpa chini ya nusu ya alichostahiki. Wazazi wake hawakuwa wazembe. Hakuna aliyempima mtoto, na hakuna aliyewaambia.

Kwa siku mbili za mwanzo dawa hutolewa kwa saa maalumu, hata kama mtoto anacheza. Baada ya hapo hutolewa akihitaji. Mama mmoja wa Butimba alituambia kuwa yeye hufuata nyakati za swala ili asisahau, na tukaipenda hekima hiyo, ila inahitaji tahadhari: zisifuatwe zote tano. Baina ya Alasiri na Maghrib huku kwetu ni saa tatu tu, na baina ya Maghrib na Isha ni kiasi cha saa moja. Afuataye Alfajiri, Adhuhuri, Maghrib na kisha usiku wa manane atakuwa katika mpaka wa salama. Wala asimpe mtoto wakati huo huo dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake, kwani kuzidisha huumiza ini.

Dawa mwenza ni ibuprofeni, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila baada ya saa nane, baada ya chakula. Zikitumika pamoja, kila moja kwa saa zake, hutuliza kuliko moja peke yake. Hii haifai kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, wala aliyepungukiwa maji mwilini kwa kuharisha au kutapika, wala mwenye maradhi ya figo. Daktari aulizwe kwanza. Aspirini tusimpe mtoto kabisa: huzuia damu kuganda, na huhusishwa na maradhi mabaya ya ini na ubongo kwa watoto. Vidonge vya kodeini na tramadoli navyo viachwe. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza vitumike kwa maumivu ya watoto wa chini ya miaka 12, kwa sababu miili ya baadhi yao huvigeuza kwa kasi kubwa hata pumzi ikapungua. Tunalitaja hili kwa kuwa majirani wenye nia njema hawakosekani, na kila mmoja ana kidonge chake mfukoni.

Sasa tuigeukie hoja ya bibi, kwani ndiyo iliyo ngumu. Wako wanaoamini kuwa maumivu ni sehemu ya sunna, na kwamba mtoto asipoumia hakutahiriwa sawasawa. Tohara, kama ilivyopokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim, imehesabiwa pamoja na kukata kucha, kupunguza masharubu na mfano wa hayo kuwa ni katika mambo ya fitra, yaani ya tohara na usafi. Hakuna aliyesema kuwa kucha ikatwe kwa uchungu. Kilichoagizwa ni kuondolewa govi; maumivu ni jambo linaloambatana nalo, na likiweza kuondolewa hakuna ibada iliyopungua.

Kinyume chake, tunamjua Mtume wetu (s.a.w.) alivyokuwa na watoto. Alikuwa akiingia katika swala akinuia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha kwa kuihurumia roho ya mama yake. Al-Aqra' bin Habis alipomwona akimbusu mjukuu wake al-Hasan, alijigamba kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Ikiwa kilio cha mtoto mmoja kilifupisha swala ya jamaa iliyoongozwa na kiumbe bora, sisi tuna udhuru gani wa kukaa ukumbini tunakunywa kahawa huku mtoto analia chumbani?

Wanachuoni wa fiqhi nao hawakulipuuza jambo hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu, tohara ni wajibu na inapendekezwa siku ya saba. Pamoja na ukali huo, Imamu Nawawi ameeleza kuwa mtoto dhaifu asiyeweza kuhimili huahirishiwa mpaka aweze. Pia imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya atakachokidhuru. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa mtu asiyepima uzito wala kujua ganzi azingatie hilo.

Waislamu wa zamani walikwenda mbali zaidi katika ufundi wenyewe. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake cha tiba aliyataja mambo ya tohara kwa kirefu, akashauri mkasi ufichwe usionekane na mtoto, na mtoto aliwazwe moyo wake kabla ya kazi. Hakuwa na ganzi. Alitumia alichokuwa nacho. Kuficha mkasi, hata hivyo, si sawa na kusema uongo. Tumewaona wazazi wanaowaambia watoto kuwa wanakwenda kununua baiskeli. Mtoto wa namna hiyo hujeruhiwa mara mbili, na jeraha la pili halina bendeji. Aambiwe ukweli kwa kadiri ya akili yake: utachomwa sindano, itauma kidogo kama kuumwa na siafu, kisha hutahisi kitu, na mimi baba yako nitakuwa hapo nimekushika mkono.

Na je, kitoto kichanga cha siku saba? Kwa muda mrefu hata madaktari wa nchi zilizoendelea waliamini kuwa kichanga hahisi maumivu kama sisi, wakawafanyia upasuaji kwa ganzi haba au bila ganzi. Mwaka 1987 utafiti wa Dokta Anand na wenzake huko Uingereza ulilitikisa wazo hilo. Mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa kiume 87 walipokwenda kupata chanjo wakiwa na miezi minne hadi sita. Waliotahiriwa wakiwa wachanga bila kutulizwa maumivu walilia na kukunja uso kwa chanjo zaidi kuliko wasiotahiriwa. Waliopakwa dawa ya ganzi walikuwa katikati. Mwili wa kichanga, basi, hukumbuka kile ambacho akili yake haikumbuki.

Kwa wachanga, sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya juu ya dhakari ilielezwa na Kirya na Werthmann tangu mwaka 1978, na ndiyo kinga madhubuti. Parasetamoli peke yake haitoshi: watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1994 kuwa haikupunguza maumivu ya wakati wa kukata, ila ilileta nafuu kiasi saa kadhaa baadaye. Maji ya sukari mdomoni na kunyonyeshwa husaidia kutuliza, nayo ni nyongeza tu. Hapa tulikumbuka tahniki, pale Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipompeleka mwanawe kwa Mtume (s.a.w.), akamwita Ibrahim na kumtia tende iliyotafunwa kinywani. Hatudai kuwa tahniki iliwekwa kwa ajili ya maumivu. Tunaona tu kuwa utamu katika kinywa cha mtoto ni rehema inayojulikana tangu zamani. Asali, lakini, asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wana sababu nyingine ya kulijua jambo hili. Utafiti uliofanyika Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2007, uliungana na ule wa Afrika Kusini kuthibitisha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa Virusi vya Ukimwi na mwanamke. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Wasukuma, ambao kwa asili hawakuwa na jando, tayari walikuwa wameanza kutahiri vijana wao, na baada ya hapo foleni zikarefuka. Katika huduma hizo ganzi ni sharti. Itakuwa ni aibu ikiwa sisi, tulioirithi tohara kutoka kwa Nabii Ibrahim (a.s.), ndio tutakaobaki kuwapeleka watoto kwa wembe na majivu.

Mzazi anayo haki ya kuuliza kabla mtoto hajalazwa mezani. Je, amepimwa uzito? Lidokaini isiyochanganywa na kitu haipaswi kuzidi miligramu 3 kwa kilo. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 3 tu za ile ya asilimia 1, au moja na nusu ya ile ya asilimia 2, na kuizidisha huweza kuleta degedege na kuvuruga moyo. Je, ganzi hiyo ina adrenalini? Iliyo nayo haitumiki katika kiungo hicho. Je, mhudumu atasubiri? Ganzi huhitaji dakika tano hivi, kisha ngozi hufinywa kwa koleo kujaribu. Haraka ya foleni ndiyo chanzo cha mayowe mengi tunayoyasikia nje ya vyumba hivyo. Ikiwa mtoto ni mwoga mno au ana tatizo jingine, nusu kaputi chini ya daktari wa usingizi katika hospitali kubwa kama Bugando au Sekou Toure ni bora kuliko kumkandamiza kwa watu wanne.

Yako matatu ambayo mzazi ayataje bila kuulizwa. La kwanza, kama katika ukoo wako wanaotokwa na damu isiyokatika. La pili, kama tundu la mkojo haliko mahali pake. Mtoto huyo asitahiriwe kwanza, kwa sababu govi hilo ndilo daktari atakalolitumia kumrekebisha. La tatu ni selimundu. Uchunguzi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa umeonyesha kuwa mtoto mmoja hivi kati ya watano hubeba chembe za asili ya ugonjwa huo, na mmoja hivi kati ya mia anao wenyewe. Kwa mgonjwa huyo kiu, baridi na maumivu yenyewe huweza kuamsha maumivu ya mifupa, kwa hiyo asifungishwe chakula na maji kwa muda mrefu bila daktari kujua.

Nyumbani, maumivu hurudi kwa nyakati zinazojulikana. Haja ndogo ya kwanza ndiyo inayoogopwa zaidi: mtoto anyweshwe maji mengi ili mkojo usiwe mkali, na akiogopa akalishwe katika beseni la maji ya uvuguvugu aukojoe humo humo. Bendeji ikigandia isivutwe. Iloweshwe hadi iachie yenyewe, na mafuta ya vaselini yaliyopakwa mapema huzuia kugandia kwenyewe. Kwa wakubwa, dhakari husimama alfajiri na kuvuta nyuzi, kwa hiyo wakojoe kabla ya kulala. Vazi liwe pana. Majivu, chumvi, unga wa vidonge na kinyesi cha ng'ombe visiguse kidonda hicho.

Maumivu yanayopungua siku ya pili kisha yakaongezeka siku ya tatu au ya nne si ya kutulizwa nyumbani, hasa yakiambatana na uvimbe, usaha au homa. Damu isiyokoma baada ya kubanwa, au mtoto kupitisha nusu siku bila mkojo hata akiwa katika maji ya uvuguvugu, ni safari ya hospitali usiku huo huo. Na homa huku kwetu ipimwe malaria pia.

Desemba ya mwaka ule ule, baba wa nyumba ile alitupigia simu. Zamu ilikuwa ya yule mdogo, ambaye kwa miezi sita alikuwa akijificha kila liliposikika neno zahanati. Safari hii alipimwa uzito, akapewa parasetamoli kabla ya kazi, ganzi ikasubiriwa, na bibi mwenyewe ndiye aliyeshika karatasi ya saa za dawa, akiitunza chini ya mto. Tulipofika baada ya Isha tulimkuta mtoto amejilaza juu ya mkeka, msuli umeinuliwa kwa kigoda, anagombana na kaka yake kuhusu kichwa cha sato.